Mtoto Hasikii

Neno "kusikia" katika Kiswahili lina kazi nyingi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tunasikia sauti kwa masikio. Tunasikia njaa tumboni, tunasikia baridi mwilini, na hata harufu ya samaki wanaokaangwa pale mwaloni Musoma tunasema tunaisikia. Iko na maana nyingine, nayo ndiyo iliyonitesa katika maisha yangu ya ualimu: kusikia kwa maana ya kutii. Mtoto afanyaye aliloambiwa twamwita msikivu. Asiyelifanya, twasema huyo hasikii. Wahenga nao walituachia methali za kumtisha: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sikio la kufa halisikii dawa. Walimu wa rika langu hatukuwa na desturi ya kujiuliza, kabla ya kunyanyua fimbo, ni kusikia kupi kulikopungua.

Mimi nilipata cheti changu katika Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tulifundishwa saikolojia ya mtoto, tukafundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, tukafundishwa kuandika ubaoni kwa mwandiko unaosomeka na yule aliyekaa nyuma kabisa. Habari za masikio zilipewa kipindi kimoja katika somo la afya: mchoro ubaoni, sikio la nje, sikio la kati na sikio la ndani, pamoja na majina ya vijifupa vitatu vya sikio la kati, yaani nyundo, fuawe na kikuku. Nilipata alama nzuri katika mchoro ule. Hata leo naweza kuuchora.

Msomaji atakumbuka kwamba Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa kwetu Musoma chini ya uenyekiti wa Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ambaye mwenyewe alianza shule mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, katika Shule ya Mwisenge mjini hapa hapa. Mkutano ule ulitoa Azimio la Musoma. Watoto wote waliofikia umri wa kwenda shule walitakiwa wawe wameingia darasani ifikapo Novemba 1977, badala ya kungoja hadi mwaka 1989 kama ilivyokuwa imepangwa hapo kwanza. Mwaka 1974 shule za msingi za nchi nzima zilikuwa na wanafunzi milioni 1.2 hivi. Kufikia mwaka 1980 walikuwa wamepita milioni 3. Vyumba havikutosha, tukafundisha chini ya miembe. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakajifunza kazi huku wakiifanya. Sisemi haya kwa kulaumu. Azimio lile liliwatoa watoto machungani, likawatoa wasichana jikoni, likawatoa na wale waliokuwa wakifichwa nyuma ya nyumba kwa aibu ya wazazi. Ila hapakuwa na mtu aliyeagizwa kuwapima masikio walipokuwa wakiingia mlangoni, na katika umati ule waliingia wengi ambao masikio yao yalikuwa yameharibika zamani.

Mmoja wao alikuja kwangu mwaka 1978. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule moja ya kijijini upande wa Bunda, darasa la watoto 90 na ushei. Nitamwita Fundi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyokuja kuishika. Alikuwa na umri wa miaka 9 au 10. Sikio lake la kulia lilitoka usaha mwaka mzima, inzi wakimfuata, na wenzake hawakutaka kukaa karibu naye. Nami, kwa kuwaonea huruma hao wenzake, nilimweka nyuma kabisa. Huko nyuma akawa mtu wa ajabu. Nikiuliza 7 mara 6, yeye hujibu swali la kabla ya hilo. Darasa likicheka, yeye hucheka baada ya wote kumaliza. Nikimwita jina nikiwa nimeelekea ubaoni, hageuki. Nikimwita nikiwa namtazama, anaitika mara moja. Hilo la mwisho ndilo lililonikasirisha zaidi, maana nililifasiri kuwa anachagua wakati wa kusikia.

Siku moja nilimvuta sikio. Lilikuwa lile lile la kulia. Vidole vyangu vilitoka na majimaji, nikavipangusa kwenye kaptula yake.

Mwisho wa muhula niliandika katika ripoti yake maneno mawili: "Hasikii. Mvivu." Wiki iliyofuata mama yake alikuja shuleni. Aliniamkia shikamoo ambayo kwa umri wetu mimi ndiye niliyepaswa kuitoa, kisha akasema amesomewa karatasi yangu na mtoto wa jirani.

"Nashukuru, mwalimu, kwa kuwa na wewe umeliona," alisema. "Ni kweli mwanangu hasikii. Tangu ile surua."

Nikamwambia, "Mama, mimi nilikuwa na maana ya…"

"Ya nini, mwalimu?"

Sikuimalizia sentensi ile. Nilisema tu kwamba nitamsogeza mbele. Nikamsogeza kweli, nikamweka mstari wa kwanza upande wa kulia wa darasa, ili sikio lake la kushoto, ambalo lilikuwa na nafuu, lielekee kwangu. Kwenye hesabu akapanda upesi. Kusoma hakupata vizuri. Nilipohamishwa kwenda shule nyingine alirudishwa nyuma na mwenzangu aliyenipokea, kwa sababu ile ile ya harufu, na alipofika darasa la nne akaacha shule.

Sasa niruke miaka 40. Asubuhi moja ya mwaka 2019, nikiwa nimekwisha kustaafu siku nyingi, niliamka nikakuta chai inanidondoka mdomoni upande wa kushoto. Jicho la upande huo halikuweza kufumba. Jirani mmoja alisema kiharusi, mwingine alisema nimechezewa, na dada yangu akaniombea bila kusema lolote. Vijana wangu wakanipeleka Bugando. Daktari wa pale, kijana mwenye adabu aliyeniita mzee kila baada ya sentensi, alinitaka nikunje paji la uso, upande wa kushoto ukagoma, akasema hicho si kiharusi cha kichwani. Ni neva ya uso iliyovimba ndani ya njia yake nyembamba ya mfupa. Ugonjwa huo huitwa kwa jina la Charles Bell, daktari wa Uskochi ambaye mwaka 1821 alieleza habari za neva za uso mbele ya wanasayansi wa London. Akanipa vidonge, akaniambia wengi hupona.

Lakini mimi nilikuwa na swali jingine. Tangu siku ile mdomo ulipopinda, sikio la kushoto lilikuwa limekuwa kali. Mjukuu akiangusha kifuniko cha sufuria, nilisikia kama nimepigwa msumari. Ngoma ya kanisani ilinifukuza nje. Ajabu yenyewe ni kwamba sikio hilo ndilo ambalo kwa kawaida lilikuwa zito! Na chai upande ule wa ulimi haikuwa na ladha. Daktari alifurahi kuulizwa, nadhani kwa kuwa wagonjwa wengi huishia kwenye mdomo. Akanichorea, na mchoro wake ulikuwa ule ule niliopatia alama nzuri Butimba, ila ulikuwa na vitu viwili vya ziada ambavyo mimi sikuwahi kuvichora: misuli miwili.

Vijifupa vile vitatu havikuning'inia tu kama kengele. Kila upande una msuli wa kuvizuia. Mmoja umeshika nyundo, nao hukikaza kiwambo cha sikio. Mwingine umeshika kikuku, kile kijifupa cha mwisho, ambacho urefu wake ni kama milimita 3 na ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Msuli wa kikuku nao una urefu wa milimita 6 hivi, na hakuna msuli wa mifupa ulio mdogo kuliko huo katika mwili wa binadamu. Kazi yake ni hii: inapoingia sauti kubwa, msuli hujivuta wenyewe bila mtu kutaka, ukakishika kikuku kisicheze mno, na sauti ikafika sikio la ndani imepunguzwa nguvu. Huo msuli wa kikuku unaendeshwa na tawi la neva ya uso, ile ile inayofumba jicho na kunyoosha mdomo. Neva yangu ilipolala, msuli ukalala, mlango ukabaki bila bawabu. Hata neva ndogo ya ladha ya ulimi hupita humo humo katika sikio la kati. Ndiyo maana chai ilikosa ladha.

Nimesoma baadaye historia ya jambo hili, na inastahili kusimuliwa, maana watu walichukua muda mrefu kuufahamu msuli ulio mfupi kuliko punje ya mchele. Kikuku chenyewe kilitambuliwa na Giovanni Filippo Ingrassia kule Naples mwaka 1546. Bartolomeo Eustachi, ambaye jina lake limebaki katika mrija unaounganisha sikio na koo, alieleza msuli wa nyundo katika maandiko yake ya miaka ya 1560. Mtaliano mwingine wa karne hiyo hiyo, Costanzo Varolio, akautaja ule wa kikuku. Walikuwa wakifanya kazi juu ya maiti, na maiti haivuti msuli. Ikapita miaka zaidi ya 300 bila mtu kuuona msuli wa kikuku wa binadamu aliye hai ukifanya kazi. Mwaka 1929 daktari mmoja wa Uswisi, Lüscher, alimpata mgonjwa ambaye kiwambo cha sikio lake kilikuwa kimetoboka. Akachungulia kwa vikuza-macho kupitia tundu lile, sauti ikapigwa, naye akauona msuli ukijivuta. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Fundi. Tundu ambalo mimi nilipangusia vidole, mwenzangu alilifanya dirisha.

Msuli huu una udhaifu wake, na udhaifu huo umeandikwa katika maisha ya watu wa mkoa wetu. Kwanza, unachelewa. Tangu sauti iingie mpaka msuli ukaze hupita kitu kama sehemu ya kumi ya sekunde. Mlio wa bunduki hufikia kilele chake kabla hata sehemu moja ya elfu ya sekunde haijaisha. Bawabu anaamka mwizi akiwa amekwisha kutoka na mzigo. Mwaka 1960 watafiti wa Kimarekani waliwahi kujaribu kupiga mlio mdogo wa kuuamsha msuli kabla tu ya kufyatua silaha, na wakaona kuwa sikio liliumia kidogo zaidi kwa wale ambao hawakuamshwa kwanza.

Baba yangu mdogo hakuamshwa na mtu. Aliandikishwa King's African Rifles, akaenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944 na kuuvuka mto Chindwin Desemba ya mwaka ule. Alikuwa karibu na mizinga. Aliporudi nyumbani, kwetu si mbali na Butiama, alikuwa akizungumza kwa kupiga kelele hata akiomba maji ya kunawa. Watu wakasema vita vimempa kiburi. Wazee wakimwita barazani kwa shauri, alikuwa akijibu lisiloulizwa, wakaacha kumwita. Sisi watoto tulimwogopa. Mpaka anafariki hapakuwa na mtu katika ukoo aliyelitamka neno kiziwi juu yake, kwa kuwa kwetu kiziwi alikuwa yule aliyezaliwa hivyo na hasemi. Aliyekuwa akisema tena kwa sauti kubwa vile, angewezaje kuwa kiziwi?

Udhaifu wa pili ni kwamba msuli huchoka. Kelele ikiendelea saa nzima, kutwa nzima, unalegea. Tena unazuia zaidi sauti nene kuliko sauti nyembamba, na kelele nyembamba za chuma hupita. Mafundi wa shaba wa Venice walikwisha kuandikwa na daktari Ramazzini mwaka 1713 kuwa wanakuwa viziwi kwa kugonga. Mwaka 1886 Thomas Barr wa Glasgow aliwapima watengeneza mabwela 100 wa meli, asimpate hata mmoja mwenye masikio mazima. Hapa kwetu tulikuwa na viwanda vya kuchambua pamba, na katika miaka ya 1980 tukawa na kiwanda cha nguo cha Mutex, Musoma. Wazazi wengi wa wanafunzi wangu walipata ajira kwenye vitambaa, na tulijivuna nao. Wakija shuleni mikutanoni, niliwatambua wale wa kwenye mitambo kwa namna walivyokuwa wakinitazama mdomo nikisema. Niliona ni heshima.

Kuna jambo moja lenye kufurahisha juu ya msuli huu, nalo nililisoma nikacheka peke yangu. Mtu anapotaka kusema, msuli hukaza kidogo kabla ya sauti yake mwenyewe kutoka, ili asizibwe na kelele yake. Nimefundisha karibu miaka 40. Kwa hesabu hiyo msuli wangu wa kikuku umefanya kazi ngumu kuliko misuli yangu yote ya kulimia.

Je, uzee wenyewe hauui masikio? Daktari Samuel Rosen wa New York, ambaye katika miaka ya 1950 alijulikana kwa kukiegua kikuku kilichoganda ili wagonjwa wasikie tena, alifunga safari mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwenda kwa Wamabaan, kusini-mashariki mwa Sudan ya wakati ule. Watu wale waliishi kimya, bila bunduki na bila mitambo. Aliwapima wazee akatangaza mwaka 1962 kwamba walisikia sauti nyembamba vizuri kuliko Wamarekani wa umri wao. Habari ile ilienea duniani. Wengine walimpinga wakisema wazee wale hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, umri wao ulikisiwa. Mimi nilipofika hapo katika kusoma nilikumbuka wazee wa Butiama wa utoto wangu, waliohesabu umri kwa mwaka wa nzige na mwaka wa njaa, na ambao usiku waliweza kukuambia ni ndama wa nani anayelia ng'ambo ya bonde. Siwezi kuwa shahidi wa umri wao. Juu ya ndama naweza.

Turudi kwa watoto. Mwaka 1946 daktari Otto Metz wa Copenhagen alitoa kitabu chake juu ya kupima jinsi sikio la kati linavyoipokea sauti au kuirudisha. Kutokana na kazi yake ikapatikana njia ya kuupima msuli wa kikuku bila kumuuliza mgonjwa lolote. Kijiplagi laini huwekwa sikioni, hewa hukazwa na kulegezwa kidogo, sauti hupigwa, na chombo huandika msuli ulipojivuta. Mtoto mchanga apimika. Mtoto mwenye hofu apimika. Hapa hakuna swali la kujibu, hakuna kunyoosha kidole, hakuna mwalimu wa kusema huyu anajifanya. Kama kiwambo kimetoboka chombo hakiwezi kuusoma msuli, lakini hilo nalo kinalionyesha, na kiwambo kilichotoboka ni habari tosha.

Kipimo hicho kilikuwapo kabla mimi sijazaliwa. Kutoka Copenhagen mpaka shule yangu upande wa Bunda kulikuwa mbali. Nchini mwetu shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ikafuatwa na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974, mwaka ule ule wa Azimio la Musoma. Zilikuwa baraka. Lakini zilikuwa za wale ambao hawakusikia kabisa. Mtoto wa nusu sikio, anayesikia mbele asisikie nyuma, anayesikia wakati wa kiangazi na kuzibwa wakati wa mvua, huyo alikuwa wetu, na sisi tulikuwa na fimbo. Katika miaka ya 1995 na 1996 ndipo zilipochapishwa tafiti za madaktari waliowapima wanafunzi wa shule za msingi, kwanza wa Moshi na Monduli, kisha wa Dar es Salaam mjini na vijijini. Usaha sugu wa masikio ulikutwa, na ule utafiti wa Dar es Salaam ukaonyesha kuwa wa vijijini ndio walioathirika zaidi. Nilikuwa mwalimu mkuu wakati huo. Waraka wa namna ya kutunza mashamba ya shule ulinifikia. Habari za tafiti zile nilizipata nikiwa nimestaafu.

Usaha huo si uchafu wa nje kama tulivyodhani. Hutoka sikio la kati. Mafua au surua hupandisha wadudu kupitia mrija wa Eustachi, kiwambo kinapasuka, usaha unatoka, na usipokaushwa hula vijifupa, fuawe kwa kawaida ikianza. Ukiachwa zaidi huweza kuula hata ule mfereji mwembamba wa mfupa unaopitisha neva ya uso, mtoto akapinda mdomo kama nilivyopinda mimi. Tiba yake ya kwanza ni jambo la kushangaza kwa urahisi: kulikausha sikio kwa kitambaa safi au pamba iliyosokotwa, mara kadhaa kwa siku, kisha dawa ya matone. Siku hizi watoto wetu wana chanjo ya surua, na tangu mwaka 2013 wana ile ya nimonia, ambayo huzuia baadhi ya wadudu hao wa masikio. Muhimbili nao walianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio. Nafurahi.

Niliporudi Bugando baada ya miezi mitatu, mdomo ulikuwa umenyooka. Daktari alinipima msuli kwa chombo. Nilikaa kimya kama mtoto wa darasa la kwanza, kikapiga "piii", na kwenye karatasi likatokea bonde dogo. Neva ilikuwa imeamka, msuli wa kikuku umerudi kazini, ingawa kwa unyonge. Niliomba nipewe karatasi ile, akanipa. Kisha akaangalia ndani ya sikio la kushoto, akakaa kidogo, akaniuliza:

"Mzee, hili sikio liliwahi kutoka usaha ukiwa mdogo?"

Nikasema hapana. Akasema kuna kovu la zamani sana kwenye kiwambo, tundu lililoziba lenyewe, na kwamba sehemu ya uzito wa sikio hilo imetoka hapo. Nikasema tena hapana. Tulipokuwa njiani kurudi, basi limekwisha kupita Bunda, ndipo picha iliponijia. Niko juu ya mapaja ya mama yangu mbele ya moto, jioni, kichwa kimelazwa. Mama anachukua pamba ghafi, ile ya shambani tuliyokuwa tukiipeleka chamani, anaitoa mbegu kwa kidole, anaisokota kama utambi, anaingiza, anavuta, anaitupa motoni. Anasokota nyingine. Naona ilikuwa kila jioni kwa msimu mzima, maana nakumbuka mlio wa pamba mbichi ikiungua, pssst, na nakumbuka kuwa niliusikia kwa sikio moja.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilimvuta Fundi sikio nikiwa na kovu lile ndani ya langu.

Nilimtafuta. Haikuwa kazi, maana fundi wa baiskeli na pikipiki mwenye jina mjini Bunda hafichiki. Hukagua injini kwa kuweka kiganja juu yake, na watu hutoka mbali kumfuata, wakisema anasikia ubovu kwa mkono. Alinitambua kabla sijasema. "Mwalimu, shikamoo," akasema kwa sauti ya juu, kama baba yangu mdogo. Nikamwitikia. Nilikuwa nimekuja na maneno niliyoyapanga juu ya mwaka 1978, na niliyasema yote, vibaya. Alinitazama mdomo mpaka mwisho. Akanijibu kwamba yeye alichokikumbuka ni kule kusogezwa mbele. Sijui kama ni kweli au ni adabu.

Siku hizi akipita Musoma kununua vipuri hunitembelea. Mara ya kwanza tulihangaika, tukikaa kwa kutazamana kama ilivyo desturi, kila mmoja akiuliza "Ati?" Kisha tukapata njia. Mimi sikio langu zuri ni la kulia, lake ni la kushoto. Tunakaa kwenye benchi moja uwani, mimi mkono wa kushoto, yeye mkono wa kulia, wote tumeelekea ziwani, na hapo tunazungumza bila kupiga kelele.